Mguu Mmoja Hewani

Jumatatu, 3 Juni

Tarehe ya mtihani wa vitendo imetoka: Jumanne, kumi na nane. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa maabara, na kabla ya saa nne kuna msanii kashachora pembeni — mwalimu mwenye mikono nyuma, shingo mbele, kama kuku anayetafuta punje. Mwalimu huyo ni mimi. Nywele kanipa nyingi kuliko nilizo nazo, basi nikamwachia.

Mikono nyuma ndiyo sheria yangu humu ndani. Bodi ya waya na chipu ikifa, sigusi. Mwanafunzi akiniita naenda, nafunga mikono mgongoni, nauliza. Umeme unaingia wapi? Unatokea wapi? Mguu wa saba wa chipu hii umeuunganisha na nini? Basi. Akijibu vizuri ataona mwenyewe kosa liko wapi. Asipojibu vizuri nauliza tena. Wapo wanaolia. Mmoja aliniambia mwezi uliopita, kwa heshima zote, kwamba mimi ni mchawi: najua, na sisemi.

Jirani yangu wa maabara ya pili ni kinyume changu kabisa. Anapita meza hadi meza na koleo lake dogo, chomoa hapa, chomeka pale, taa zinawaka. Wanamwita Daktari. Maabara yake inang'aa kama ukumbi wa harusi. Yangu — giza na watu wanaokuna vichwa.

Mwaka huu mtoto wa kaka yangu yuko darasani kwangu. Anaishi kwetu pia. Maabarani ananiita Mwalimu, nyumbani ananiita Shangazi, na njiani tukitembea pamoja haniiti chochote. Mwaka jana alikuwa kwa Daktari. Bodi zake ziliwaka mwaka mzima; siku ya mtihani, peke yake, hakuna kilichowaka. Anayerudia hubadilishwa darasa, ndivyo nilivyompata. Akianguka tena chuo kinamtoa, na baba yake ameshamtengea kiti nyuma ya kaunta ya duka la rangi.

Yeye hataki rangi. Anataka hivi vidude. Mtoto huyu akiingia kwenye lifti hasemi anakwenda ghorofa ya ngapi, anasimama kutazama inavyoamua ianze na nani.

Jumanne, 4 Juni

Kazi ya leo: taa ya stoo. Iwake mlango ukiwa wazi, isipokuwa mlinzi akibonyeza kitufe. Kwenye karatasi mtoto wa kaka aliimaliza kabla sijakaa — jedwali lake la sifuri na moja, safi kabisa. Kuchomeka waya ndiko kunakomtoa jasho.

Halafu nikasikia kelele. Imewaka! Mwalimu, imewaka! Wa kwanza darasani! Nikaenda, mikono nyuma, meno nje, sikuweza kuyazuia. Akasogeza mkono wake ili nione vizuri. Ikazima. Akaurudisha. Ikawaka. Akauondoa — ikazima tena. Mrefu, anayekaa naye meza moja, akasema huo si mkono, huo ni mtambo. Jina likapatikana hapo hapo: Mkono wa Heri.

Akachukua mita ya umeme apime. Alipogusisha ncha ya mita kwenye mguu wa chipu, taa ikawaka ikatulia. Alipoiondoa, ikazima. Kama jino linaloacha kuuma ukifika mlangoni kwa mng'oa meno.

Mimi nilijua kabla hajashika mita. Mguu uko hewani! Nilikuwa na maelezo yote mdomoni: mguu wa chipu usioshikizwa popote haumaanishi sifuri. Haumaanishi kitu. Unaokota chochote kilicho karibu, umeme wa taa ya dari, mkono wa mtu, na chipu inachukulia hilo ndilo jibu. Kitufe chake kisipobonyezwa, ule mguu hauna pa kushika. Rezista moja tu, kile kikinza umeme kidogo, ya kuushikiza kwenye sifuri, kwisha. Nikameza yote. Nikamuuliza, mkono wako umeunganishwa na nini? Akasema, na bega, Mwalimu.

Darasa zima liliangua kicheko. Na mimi nikacheka mpaka nikasahau kuuliza swali la pili.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo ya Mkono wa Heri yamekolea. Bodi ya mtu ikigoma wanaita, Heri, njoo uweke mkono! Anakwenda, anaweka, na bahati mbaya bodi nyingine mbili ziliwaka kweli. Maana na hizo zina yale yale. Humu ndani kuna miguu mingi hewani kuliko kwenye kiwanja cha mpira.

Anafurahi. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Mwaka mzima uliopita alipita kwenye korido akiitazama sakafu. Sasa anaitwa kila meza, anacheka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Na mkono wa kushoto anaulaza juu ya bodi tangu mwanzo, kabla ya kujaribu chochote, halafu anachomeka waya kwa mkono wa kulia peke yake. Kazi inakuwa ya taabu. Waya zinakwenda mrama. Lakini taa inawaka, basi kwake imekwisha.

Nilisimama mezani kwake. Nilitaka kumuuliza swali moja tu: umeshajaribu na mkono wa mtu mwingine? Lingetosha. Lakini Daktari alikuwa ameegemea mlango, kikombe mkononi, anatutazama. Juzi kwenye chumba cha walimu aliniuliza kama mwaka huu mtihani tunaupikia nyumbani. Kwa utani. Au si kwa utani. Wote walicheka, hata katibu.

Nikaondoka pale mezani bila kuuliza.

Jumamosi, 8 Juni

Kaka kapiga simu asubuhi. Vipi mwanangu? Nikasema anaendelea. Anaendelea kwenda wapi? Kaka huyu! Tangu utotoni ukimpa jibu la mkato anakurudishia.

Kisha akaanza. Wewe ndiye mwalimu. Huyo ni damu yako. Unashindwaje kumwonyesha? Nikamweleza sheria yangu. Nikasikia kengele ya mlango wa duka na mtu anaulizia brashi. Akarudi. Mdogo wangu, akasema, sina nia mbaya. Mtoto akianguka mara mbili mbele za watu anavunjika. Bora nimtoe mimi mapema, na heshima yake, kuliko atolewe.

Nikatuma salamu kwa wifi, nikakata simu.

Jioni mimi na mtoto tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili.

"Shangazi."

"Naam."

"Ile bodi. Unajua ina nini."

"Najua."

"Si uniambie basi."

Nikamwambia maabara ni Jumanne. Akasema, "Hapa si maabara, Shangazi. Hapa nyumbani." Hakupandisha sauti. Tukakunja shuka mpaka mwisho. Lilitoka limepinda, hakuna aliyejisumbua kulinyoosha.

Mume wangu ni nesi. Kazi imemfundisha kuuliza polepole, mtu asisikie sindano ikiingia. Baada ya chakula akaniuliza: angekuwa mtoto wa watu, si ungekuwa umeshamsaidia? Nikamwambia nisingegusa bodi ya mtu yeyote. Sijasema kugusa bodi, akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Jumapili, 9 Juni

Siyo kweli kwamba nawatendea wote sawa. Mrefu mwezi jana nilimsimamia, nikamuuliza hili, nikamuuliza lile, mpaka akapiga kelele ameona. Mtoto wa kaka nimemuuliza swali moja, tukacheka, nikaenda zangu. Na Alhamisi nilikuwa na swali lenyewe mdomoni nikalimeza kwa sababu ya mtu mwenye kikombe.

Hiyo si mikono nyuma. Huo ni uoga. Naogopa maneno ya chumba cha walimu, na anayelipia ni yeye.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata njia! Kama siwezi kumuuliza yeye peke yake, nitawauliza wote.

Niliweka bodi moja meza ya mbele. Chipu moja, taa moja, na mguu mmoja nimeuacha makusudi bila waya, kila mtu auone. Nikawaambia wapite mmoja mmoja, kila mtu asogeze mkono wake. Mrefu akasogeza — ikawaka. Binti wa dirishani — ikawaka. Msanii wetu wa mlangoni (nimeshamjua, ana wino kwenye kidole) — ikawaka. Mmoja akavua kiatu akajaribu nacho, ikameta kidogo, wakapiga kelele kama wamefunga bao. Mtoto wa kaka alipita wa mwisho. Ikawaka, kama kwa wote.

Nikauliza: huu mguu sasa hivi unasoma sifuri au moja? Wengine wakasema sifuri. Wengine moja. Wengine wakatazama dari. Halafu nikasikia sauti ndogo nyuma.

"Hausomi kitu. Hauna pa kushika, basi unaokota."

Yeye! Kwa maneno yake mwenyewe! Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu wote. Nikaishia kusema vizuri, endelea, kwa nini mkono? Lakini kabla hajafungua mdomo, Mrefu kasema kwa furaha, kumbe hata mkono wangu ni wa heri! Wakaangua kicheko. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Wakarudi mezani kwao, kila mmoja anatafuta mguu wake ulio hewani, na ndani ya dakika chache bodi tatu zilipona bila kunihitaji. Somo bora nililofundisha mwaka huu, nasema bila kujisifu. Au kwa kujisifu kidogo.

Ila nilimwona mtoto wa kaka uso. Alikaa mbele ya bodi yake mikono mapajani, hakuna aliyemwita. Nimempa jibu, nikamnyang'anya jina. Hilo sikuliona likija. Nilifikiria chipu, sikumfikiria mtoto.

Jumatano, 12 Juni

Tumetoka nyumbani pamoja lakini alitembea mbele, njia nzima naona kisogo tu. Jioni alisema kichwa kinamuuma. Mume wangu akampima joto, akaniambia kichwa hakina kitu, kinachouma kiko chini kidogo ya hapo.

Alhamisi, 13 Juni

Bodi yake leo inawaka. Imara! Mkono ukiwa mbali, mkono ukiwa karibu, imetulia vile vile. Moyo ulinirukaruka. Nikainama kuangalia.

Kila mtu ana mwandiko wake wa waya. Mimi nakunja kona kali, waya inalala chini. Mtoto wa kaka anaziacha ndefu, zinasimama kama nywele za asubuhi. Hizi za leo zilikuwa na vipinde vya mviringo, vizuri, ncha zimekatwa mshazari. Mwandiko huo naujua. Nimekaa nao chumba kwa chumba miaka mingi.

Sikumuuliza nani. Nikamuuliza rezista hii hapa inafanya kazi gani. Akanitazama, akaitazama bodi, akaitazama saa ya ukutani. Alijua kwamba najua. Nikasema haya, nikasogea meza nyingine, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba mikono iko nyuma, maana ilikuwa imekunja ngumi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda kwa Daktari. Nilitaka kumpigia kelele lakini alikuwa anakula ndizi, na ni vigumu kumpigia kelele mtu anayekula ndizi.

Hakukana. Alikuja mwenyewe mchana jana, akasema, mlikuwa mmetoka kula. Ana uso wa mtu aliyefiwa. Nifanyeje?

Nikamwambia, umuulize.

"Wewe unauliza, mimi natibu. Sote tuna wanafunzi wanaotupenda na wanaotulaani. Siku mtoto huyu akitolewa chuoni, maswali yako atayafanyia nini?"

Iliniingia, sitaki kudanganya. Na kwa sababu iliniingia nikamjibu vibaya. Nikasema mwaka jana ulimtibu mwaka mzima.

Akaacha kutafuna. Nilitaka kuyarudisha maneno mdomoni. Akasema polepole kwamba analijua hilo, kwamba kila akimwona kwenye korido analikumbuka, na kwamba ndiyo maana jana hakuweza kumfukuza. Tukakaa. Nje watu walikuwa wanaburuta madawati. Kisha akaniambia, sasa usimwambie kwamba nimekwambia. Nikasema hajui kama najua. Akasema anajua. Nikasema ndiyo, anajua. Tukacheka kidogo, shingo upande. Akanikatia nusu ya ndizi.

Sikumchukia tena, na hilo nalo lilinikera.

Jumapili, 16 Juni

Nimeamka nikamkuta mtoto jikoni na bodi mezani. Waya zote nje. Vipinde vyote vya Daktari vimelazwa kwenye sahani ya plastiki, vimepangwa vizuri kama samaki wa kukaanga.

"Nimezing'oa," akasema bila kuinua kichwa.

"Ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka ya Daktari."

Nikaweka maji ya chai. Nikasema sukari imebaki kidogo. Akaniambia, "Leo usiniulize kitu, Shangazi. Hata kimoja." Nikasema sawa. Kisha akaongeza kwamba siku ile ya mikono yote alitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia pole. Nikamwambia sikufikiri, na ni kweli. Akaitikia kwa kichwa. Hatukukumbatiana wala nini, lakini aliusogeza mfuko wa waya kidogo ili nipate mahali pa kuweka kikombe.

Asubuhi yote nimemenya viazi mbele yake. Viazi vya watu kumi, nyumba ina watatu. Yeye anachomeka, anachomoa, anasonya. Anahesabu miguu ya chipu kwa ncha ya penseli, moja moja, midomo inacheza. Anakosea, naona anavyokosea kutoka nilipokaa, nachukua kiazi kingine. Mume wangu akaja akauliza kama mezani kuna nafasi ya sahani. Hapakuwa na nafasi. Tukala sahani zimekaa mapajani, kama tuko safarini.

Kama mwishoni iliwaka, sijui. Aliigeuza upande wake, na alipomaliza akaifunika kwa kitambaa cha vyombo akaenda kuoga. Sikufunua. Nilikaa nacho kile kitambaa dakika nyingi sana peke yangu, na sikufunua! Mume wangu kasema nastahili medali.

Jumatatu, 17 Juni

Kaka tena. Kesho saa ngapi? Saa tatu. Akasema nimpigie mimi, si mtoto. Kwa nini? Kwa sababu nikisikia sauti yake nitajua, akasema, na sitaki kujua huku namhudumia mteja.

Kumbe anaogopa kuliko sisi wote. Nikamuuliza kama kile kiti bado kipo nyuma ya kaunta. Akasema kipo, amekiwekea na mto.

Mtoto kapiga pasi shati lake mara mbili. Kala vizuri. Kaniambia lala salama Shangazi.

Jumanne, 18 Juni

Naandika hapa hapa maabara. Mwalimu wa darasa anakaa kwenye kiti cha mlangoni: haruhusiwi kusogea, kunong'ona, wala kukohoa kwa maana. Wanadhani naandika ripoti. Naandika ili mikono ipate kazi.

Mtahini amekuja kutoka nje ya chuo. Mama mmoja mfupi, miwani ina kamba shingoni, viatu havitoi sauti kabisa. Amepitisha kopo, kila mmoja ameokota kikaratasi akasoma kazi yake kwa sauti. Sheria amezisema mara moja tu. Ukimaliza, niite. Nitajaribu swichi zako zote. Ikikubali, umepita. Isipokubali, naendelea na meza zinazofuata, na nitarudi kwako kama muda utabaki. Maswali? Hakuna aliyekuwa na swali. Darasa langu, halina swali!

Mtoto wa kaka ameokota pampu ya maji. Iwake tangi likiwa tupu na kisima kikiwa na maji, isipokuwa mtu akibonyeza kitufe cha dharura. Chipu mbili. Si rahisi, si ngumu. Angeweza kuokota mbaya zaidi.

Mrefu ameita wa kwanza. Amepita! Ameziba mdomo kwa mikono yote miwili kama amekamatwa anaiba. Bodi ya binti wa dirishani haikukubali, ameanza kung'oa. Daktari amepita kwenye korido mara ya pili, anajifanya anatafuta chaki. Humu ndani hakuna anayetumia chaki.

Kutoka hapa naona kichwa cha mtoto wa kaka na kiwiko cha kulia. Bodi imekaa kwenye kivuli chake. Anafanya polepole. Vizuri. Polepole ni vizuri. Lakini saa nayo ipo.

Ameita.

Mtahini yuko mezani kwake. Anapandisha swichi, anashusha. Naiona taa, nukta nyekundu. Inawaka panapotakiwa. Inazima panapotakiwa. Mistari yote minane ya jedwali, mmoja baada ya mwingine, nami naisema moyoni kabla yake. Wa mwisho. Imekubali! Mtahini anaitikia kwa kichwa, anafungua kalamu.

Mkono wa kushoto uko juu ya bodi.

Umelala pale kama kitu kilichosahauliwa. Labda umesahauliwa kweli. Mtahini hajauona, au ameuona na hana habari nao, mkono ni mkono. Mimi nimeuona. Inawezekana taa inawaka yenyewe. Inawezekana siyo. Yeye mwenyewe sasa anautazama. Kalamu iko kwenye karatasi. Anyamaze tu, na mambo yameisha, nampigia kaka, mto wa kiti atakalia paka. Mungu wangu, mimi mwalimu wa mikono nyuma, naomba anyamaze! Naandika hili ili lisitoke mdomoni.

Ameuondoa. Taa imezima.

"Samahani, mama. Usiandike kwanza."

Sauti imefika mpaka mlangoni. Mtahini amemwambia ameshaiona ikifanya kazi, mistari yote. Naye kasema ilikuwa inawaka kwa sababu ya mkono wake. Kuna mguu uko hewani. Haijawa bado.

Mtahini ameinua miwani akamtazama kwa muda. Amemkumbusha kwamba anaendelea na mzunguko na kwamba huenda asirudi. Una hakika? Kasema ndiyo, mama. Mtahini amefunga kalamu, amehamia meza inayofuata.

Hakuna aliyecheka. Mrefu ameshika kichwa.

Zimebaki meza nne. Mtoto ameketi. Kisha amesimama. Anajua ugonjwa, hajui uko mguu upi. Mimi pia sijui. Toka hapa siioni waya hata moja, naona mgongo wa shati lililopigwa pasi. Leo sina jibu ninalomficha. Naogopa, na ninajivuna mpaka naona haya.

Daktari amesimama mlangoni nyuma yangu. Ameuliza kwa mdomo bila sauti, vipi?

Meza tatu. Bodi ya Msanii imekubali mara moja, bahati yake! Meza mbili.

Mtoto ameacha kutazama saa. Amemaliza kukagua chipu ya kwanza, miguu yote, penseli haikusita popote. Anainama kwenye ya pili, anaanza na mguu wa kwanza.